Saa ya Abdulghafur Isiyoguswa

Abdulghafur hakuwahi kuwa nahodha. Naanza na hilo kwa sababu mtaa mzima wa Columbia Heights, hapa Washington, ulimwita Captain na yeye hakumkanya mtu hata mmoja. Alikuwa ofisa wa pili wa meli ya mizigo, mtu wa kupima jua adhuhuri na nyota alfajiri, kisha anakwenda kumwambia nahodha, "Tuko hapa." Kazi kubwa, sikatai. Lakini nahodha ni nahodha. Mimi Fuad nimepika pilau iliyoliwa na mabalozi watatu, mmoja akaomba afungiwe ya kwenda nayo kwake, na bado sijajiita balozi.

Alikuwa mtu wa Mombasa, Kibokoni, mwembamba, mashavu yameingia ndani, jicho la kulia dogo kuliko la kushoto kwa kulikunja miaka yote ile mbele ya jua. Meli yake ya mwisho, ya Wagiriki, iliingia Baltimore ikauzwa kuwa chuma chakavu. Wenzake walipanda ndege wakarudi makwao. Yeye alishuka na sanduku la mbao, na ndani yake saa. Nahodha ndiye aliyempa, maana meli mpya zilikuwa zimeanza kuambiwa na setilaiti ziko wapi, na saa ya namna ile haikuwa na mtu wa kuitaka tena. Akaja nayo Washington kwa basi, ameipakata mapajani, hataki iinamie huku wala kule, utadhani kabeba sufuria ya mchuzi wa harusi.

Saa yenyewe ilikuwa nzuri, nikisema vingine nitakuwa mwongo. Uso mweupe, mwili wa shaba, imening'inizwa ndani ya pete mbili ili meli ikilala ubavu yenyewe isilale. Aliiweka chumbani, juu ya kabati la nguo la mkewe, na kila asubuhi baada ya sala aliitia ufunguo. Ufunguo tu. Mishale hakuigusa. Ilionyesha saa za Uingereza, za Greenwich, na ilipochelewa kidogo hakuisogeza. Alijua imechelewa kiasi gani, akaiacha.

"Saa ya meli hairekebishwi," alikuwa akituambia. "Unalijua kosa lake, unalihesabu, unaishi nalo. Ukianza kuisahihisha kila siku, mwishowe hutajua ilikuwa inakwambia nini."

Alikuwa akituambia mimi na Phineas Simiyu. Phineas ni mtu wa Bungoma, dereva wa teksi, Mkristo anayejua siku za Idi kuliko Waislamu wengine ninaowajua, kwa sababu ya kaimati. Tulikuwa tukikutana kila Jumamosi kwenye bustani ya Meridian Hill, kwenye ngazi zile za maji. Abdulghafur hakukubali bustani nyingine. Pale, alisema, ndipo Wamarekani wa zamani walipotaka kupitisha mstari wao, uanzie Ikulu upande na barabara ya Kumi na Sita mpaka kilimani, na dunia yote ihesabu umbali wake kutoka hapo. Wakashindwa. Alicheka kila mara alipofika hapo, kama aliyewashinda ni yeye.

Basi habari ya Greenwich tuliisikia mpaka tukaweza kuisimulia usingizini. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na la saba lenyewe nililisoma mara mbili, kwa hiyo nalijua barabara. Lakini haya sikufundishwa. Zamani, alisema, mtu wa baharini akipima jua alijua amekwenda kusini au kaskazini kiasi gani. Mashariki na magharibi ndiko kulikowazamisha watu. Hawakujua. Walikuwa wakidhani nchi kavu iko mbali, na mwamba uko chini yao. Mfalme wa Waingereza akajenga jumba kilimani, Greenwich, juu ya mto, akaweka mtu wa kuandika kila nyota iko wapi. Akamwajiri, kisha vyombo vya kazi akamwambia ajinunulie.

"Kumbe ndio waliotufundisha!" Phineas akasema.

"Sikiliza, wewe. Baadaye akatokea seremala, mtu wa shamba, akatengeneza saa isiyoharibika baharini. Sasa ukibeba saa ya Greenwich, na ukitazama jua lilipo juu ya kichwa chako, tofauti ya saa hizo mbili ndiyo umbali uliokwenda. Kwisha. Na kila siku, saa saba mchana, juu ya paa la lile jumba unashuka mpira mkubwa mwekundu, na meli zilizo mtoni zinatazama na kulinganisha saa zao."

"Na Captain, kama ball inashuka na wewe uko chooni?"

"Unangoja kesho."

"Basi mimi ningebaki mtoni maisha."

Mwisho wake ulikuwa huu, na huu ndio aliupenda: kwamba mataifa yalipokuja kukubaliana mstari wa sufuri upite wapi, yalikutana hapa hapa Washington, mwaka 1884, yakaipa Greenwich. Mfaransa alinuna, hakupiga kura. Na Zanzibar? nikamwuliza. Zanzibar hakualikwa mtu. Nilimwambia wangemwalika babu yangu mambo yangekuwa mengine, mstari ungepita Forodhani, na mpira mwekundu ungekuwa chungwa.

Hayo tuliyajua sisi. Nunu, mkewe, hakuyajua.

Nunu alikuwa mtu wa Lamu, Langoni, mfupi, mwenye kicheko cha ghafla. Alikuwa akishona katika duka la dobi barabara ya Mount Pleasant, akipunguza suruali za mawakili. Baba yake alikuwa ndiye mwangalizi wa saa ya msikiti wa mtaa wao. Vijana wa leo hawajui, basi nieleze. Kule kwetu pwani, saa ya msikiti ilikuwa ikiwekwa upya kila jioni. Jua likizama, mzee anafungua kioo, anasogeza mishale mpaka kumi na mbili. Siku mpya imeanza. Kesho jua likizama mapema au likichelewa, unaifuata tena. Nunu akiwa mtoto ndiye aliyemshikia babake ufunguo. Kwake yeye, saa isiyoguswa ni saa iliyotupwa, kama mtungi usiooshwa.

Kwa hiyo aliuliza. Walipohamia fleti yao aliuliza.

"Baba Layla, saa yako imekwenda kombo."

"Iko sawa. Dunia ndiyo imekwenda kombo."

Akacheka, na Nunu akacheka. Mwaka uliofuata akauliza tena, akapata jibu lile lile. Mimi nilikuwapo mara moja, nikamwambia Abdulghafur tukiwa ngazini, "Si umweleze mkeo kama unavyotueleza sisi?" Akasema, "Mambo ya meli haya, Fuad. Atayafanyia nini?" Mtu aliyekuwa tayari kumweleza Phineas, ambaye bahari aliiona kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la ndege!

Ramadhani ile iliyoanza mwisho wa mwaka 1997, Abdulghafur akashikwa na ngiri, akapelekwa kupasuliwa. Alivyokuwa anatoka mlangoni na tumbo lake ameliinamia, hakumwambia mkewe usiniombee wala niombee. Alisema, "Nitilie ufunguo saa yangu kila asubuhi. Basi."

Kidonda kikasumbua, hospitali wakamshikilia. Nunu akabaki peke yake. Barabara ya Kumi na Nne ilikuwa imepasuliwa yote, wanachimba njia ya treni, vumbi mpaka kwenye sufuria, na mashine zinanguruma saa ambayo mtu angetaka kusikia adhana. Alikuwa akifuturu akitazama dirishani, akinywa maji kwa kukisia. Na juu ya kabati ile saa ya shaba, nzima, inagonga vizuri, haimwambii kitu.

Siku moja jioni akafungua kile kioo. Mikono yake mnaijua, mikono ya sindano. Akaingiza ufunguo pale katikati, na jua lilipozama nyuma ya majengo akazungusha mishale mpaka kumi na mbili. Kesho yake akaifuata tena. Akafanya hivyo mpaka mumewe alipotoka.

Tulimleta mimi na Phineas, kwa teksi, kumi la mwisho la Ramadhani, karibu na magharibi. Ngazi za kwao tulimpandisha kama kabati. Mezani palikuwa na tende, uji wa pilipili manga, tambi, na kaimati ambazo Phineas alikwisha kuzihesabu kwa macho kabla hajavua koti. Nunu hakutuacha tukae.

"Ndoo, Baba Layla. Ndoo utazame nilivyokutengezea."

Njoo ya Kilamu hiyo. Tukaingia chumbani wote, maana alituvuta wote. Dirishani jua lilikuwa linamalizikia. Mishale imesimama kumi na mbili, wima, kama watu wanaoanza sala.

"Nani kaigusa?" Abdulghafur akauliza.

"Mimi. Nimeiweka kama alivyokuwa akiiweka Baba. Kila jioni. Si unalia siku zote kwamba hapa hakuna magharibi? Sasa na sisi tuna magharibi yetu humu ndani."

Alikaa kitandani, mkono kwenye kidonda. Nikadhani amefurahi. Uso wa mtu aliyefurahi sana na wa mtu aliyeibiwa hufanana kwa muda mfupi.

"Umeiua," akasema.

"Naisikia inagonga."

"Umeiua, mwanamke wewe! Tangu mikononi mwa Wagiriki haikuguswa na mtu. Bahari zote zile. Nilikuwa nikiitazama najua. Sasa ni saa ya kununua sokoni."

"Captain," Phineas akasema, "jua limezama, chukua tende kwanza."

"Tende gani? Nimeoa mtu asiyejua hata mashariki iko wapi!"

Alisema mbele yetu, sisi wageni. Nunu akamtazama.

"Mashariki? Mimi naielekea mara tano kwa siku, Baba Layla, wewe na saa yako mmelala."

Phineas akacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu jibu lilikuwa jibu, na mimi jibu zuri sijaliacha lipite njiani bila salamu. Abdulghafur akasema angalau angeuliza kabla ya kugusa.

"Niliuliza," Nunu akasema. Hakupandisha sauti. "Kila mwaka niliuliza. Ukanichekesha."

Tukala. Kaimati zilikuwa nzuri na hazikumezeka. Idi pili, binti yao Layla alikuja na gari kutoka Annandale, ng'ambo ya mto Potomac, wakapakia cherehani na masanduku mawili, Nunu akaenda kukaa kwa binti yake.

Sasa mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapomkasirikia rafiki yangu mpaka leo. Saa haikuwa imekufa. Layla mwenyewe alimwambia, kwa simu, kwa kile Kiingereza chake cha kukimbia. Jeshi la maji la Marekani lina jumba lake la nyota hapa hapa mjini, juu ya barabara ya Massachusetts, na lina namba ya simu. Unapiga, sauti ya mwanamume inakutajia saa ya Greenwich hiyo hiyo. Ungemaliza kabla chai haijapoa. Abdulghafur alilijua hilo kabla Layla hajazaliwa.

"Saa ya kuambiwa na simu si saa," akamjibu.

"Say sorry, Baba," Layla akasema. "Basi."

Hakusema. Masika yakaja, maua yale ya rangi ya waridi ambayo watu hupanda basi kutoka Ohio kuja kuyapiga picha yakaja yakaanguka. Alirudi kazini, kwenye kibanda cha kuegeshea magari katikati ya mji, ambako wenye magari walimwita Abdul na yeye aliwatajia alikowawekea gari kama anavyotaja bandari. Saa akaiacha ilale. Hakuitia ufunguo. Nilimkuta anakunja shati zake mwenyewe, vibaya, nikamwambia afadhali azifunge mafundo. Hakucheka.

Mwezi wa Julai Nunu alituma neno kwa Phineas, aliyekuwa amempeleka mteja Annandale akapita kumsalimu. Phineas akalifikisha pale ngazini, neno kwa neno, maana Waluhya hawaongezi chumvi kwenye ujumbe, wanaongeza kwenye ugali tu.

"Mama Layla anasema hataki pole. Hataki zawadi. Anataka uende, ukae chini, umweleze hiyo saa kutoka mwanzo. Kama unavyotuelezea sisi. Ukimaliza atarudi na cherehani yake."

"Kutoka mwanzo?"

"Kutoka kwa mfalme."

Abdulghafur akatazama maji yanavyoshuka. "Nitaanzia wapi, Phineas? Mtu nimekaa naye miaka yote hiyo."

"Nimekwambia. Kwa mfalme."

"Wiki ijayo," akasema.

Wiki ijayo kibanda kilikuwa na kazi. Iliyofuata ilikuwa joto. Nilimtania, nikamwambia kama anaona haya aniachie mimi nikamweleze, nitamfikisha mfalme mpaka Lamu na kumsilimisha. Mwishoni mwa kiangazi nikaacha utani nikamwambia kwa ukali, "Wewe, nenda." Akasema ndiyo. Alikuwa na haya, ndiyo kweli yake. Kwetu alizungumza kama mwenye meli. Kwa mkewe ingembidi azungumze kama mtu aliyeacha kitu fulani bila kukifanya, na hotuba hiyo hakuwahi kuifanyia mazoezi.

Oktoba, mwishoni, Phineas akaja ngazini na habari aliyoisikia redioni kwenye teksi. Waingereza wanalifunga lile shirika la mfalme la kutazama nyota. Lilikuwa limekwisha kuhamishwa kutoka kilimani zamani, likapelekwa shamba, kisha Cambridge. Sasa linavunjwa kabisa, wafanyakazi wanatawanywa, na jumba la kilimani ni la watalii.

"Bosi wako amefunga duka, Captain," Phineas akasema, akijiandaa kucheka.

Abdulghafur akauliza, "Lote?"

"Lote."

Akaondoka bila kuaga. Tulimkuta nyumbani amelipakata lile sanduku, amevaa koti, kofia ya Idi kichwani. "Nipeleke Annandale," akamwambia Phineas. Njia nzima, daraja la Potomac mpaka huko, alikuwa akinong'ona. Niligeuka nikasikia: alikuwa akipanga. Mfalme. Mwamba. Seremala. Mpira.

Layla alifungua mlango. Alimtazama babake, akatazama sanduku, na mkono wake ukaenda mdomoni.

"She waited, Baba," akasema. "Mpaka September."

Nunu alikuwa amekwenda Lamu. Dadake aliugua, wakamwita, na yeye alikata tikiti ya kwenda tu. Alikuwa ameacha cherehani. Abdulghafur aliingia akaketi kwenye kochi, akafungua kifuniko, na hakuwa na mtu wa kumfungulia, basi akamwambia Layla, "Palikuwa na mfalme wa Waingereza." Layla akakaa chini kwenye zulia, mtu mzima yule, akamsikiliza mpaka kwenye miamba. Kisha akamshika goti.

"Mwambie yeye, Baba. Si mimi."

Jumapili asubuhi akatuita chumbani kwake, kwa kuwa aliogopa. Phineas alikuja na suti ya kanisa. Abdulghafur alikuwa amenunua kadi ya simu kwa Wasalvador wa pale kona, akapiga Lamu, dukani kwa shemeji yake, na wakamwita Nunu. Simu ile ilikuwa na sauti kubwa. Sisi mlangoni tulisikia kila kitu.

"Nunu. Palikuwa na mfalme."

"Mfalme gani tena, Baba Layla?"

"Wa Waingereza. Meli zake zilikuwa zikipotea."

"Enhe."

Akamweleza. Sikuwahi kumsikia akieleza vile. Hakujivuna hata mara moja, na mimi kujivuna nakujua nikikuona. Jua, nyota, jumba la kilimani, seremala, mpira mwekundu unavyoshuka na mabaharia wameinua vichwa. Jinsi alivyokuwa yeye mwenyewe, kijana, peke yake katikati ya maji, anafungua lile sanduku. Nunu alikuwa akisema, "Enhe. Enhe."

"Na ukiitazama hiyo saa," akauliza, "ulikuwa unajua nini?"

"Nilikuwa najua niko mbali kiasi gani."

"Mbali na wapi?"

"Na Greenwich."

"Greenwich kuna nani wako?"

Abdulghafur alitutazama sisi, kana kwamba mmoja wetu analo jibu.

"Pamefungwa," akasema.

Nunu akacheka kile kicheko chake cha ghafla, kikakatika. "Ungenieleza hivi humo chumbani, nisingeigusa. Ningekutilia ufunguo mpaka nife."

"Rudi, Nunu. Cherehani yako iko kwa Layla."

"Dadangu hawezi kuinuka, Baba Layla. Na mimi nimezoea."

"Umezoea nini?"

"Subiri," akasema. "Sikiliza."

Tukasikiliza. Mbali, nyuma ya sauti yake, nyuma ya watu wa dukani, adhana ya magharibi ilikuwa inaanza. Hakusema kwaheri. Aliacha simu wazi kidogo ili mumewe asikie, kisha akaiweka taratibu.

Abdulghafur alikaa na mkono wa simu kifuani. Halafu akainuka, akalifikia sanduku juu ya kabati, akaitia saa ufunguo mara ya kwanza tangu Ramadhani ile, mpaka ikaanza kugonga. Akafungua kioo. Akauingiza ufunguo katikati na kuzungusha mishale, taratibu, mpaka kumi na mbili.

Nje ilikuwa asubuhi. Jua limepiga mchanga wa machimbo ya treni, na watu wanapita na Biblia.

"Saa ngapi, Captain?" Phineas akauliza. Alikuwa anachelewa kanisani, nadhani, swali lilimtoka tu.

"Kumi na mbili," Abdulghafur akasema. "Magharibi."

Phineas alitazama saa ya mkononi mwake, kisha akaivutia mkono wa koti, akaifunika.